Chuma Kimeongezwa Zege

Nilipokishika chuma Jumatatu ile ya kwanza baada ya mwaka mpya, nilijua papo hapo kwamba kuna mtu amenichezea.

Kabla ya Krismasi nilikuwa nakinyanyua kutoka chini mara kumi bila kupumzika. Sasa mara ya tatu tu mgongo ukagoma, nikakiachia. Ni bomba lenye kopo la rangi kila upande, makopo yamejazwa zege, na Silvester, mwenye jimu, ameandika kilo ubavuni. Changu kimeandikwa 52. Lakini nikaona makopo yamepakwa rangi mpya ya bluu na namba imeandikwa upya. Mtu hapaki rangi kopo la zege hivi hivi.

"Silvester, hiki umekiongeza zege."

"Shikamoo, mzee wangu. Sijaongeza kitu. Wewe ulikwenda likizo, chuma hakikwenda."

Vijana wawili waliokuwa wakipiga pushapu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nina miaka sitini na mbili, nimestaafu ufundi wa karakana hapa Mbeya, na sinyanyui vyuma ili nipendeze. Mke wangu Anjela alipata kiharusi mwaka juzi, mguu na mkono wa kulia vikalala. Kila asubuhi namtoa kitandani namweka kwenye kiti cha magurudumu, jioni namrudisha. Wiki ya kwanza nilimdondosha. Ndiyo maana nikaja kwa Silvester.

Krismasi tulikwenda Iringa kwa dada yake Paskalina, nesi mstaafu anayekaa jirani na hospitali ya Tosamaganga. Siku kumi nzima sikuruhusiwa kumnyanyua mke wangu. "Shemeji, wewe pumzika, tuachie sisi," aliniambia, nami nikapumzika na nyama ya nguruwe na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kila alasiri dada hao wawili walijifungia chumbani. Nawasikia wanacheka, nikibisha hodi wananyamaza. Sikupenda hata kidogo. Siku ya kuondoka Paskalina akaniambia mbele ya watu: "Shemeji, siku ukishindwa kumnyanyua, usione aibu. Mlete kwetu." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Nikishindwa, mke wangu anachukuliwa.

Kwa hiyo nikamwambia Silvester tukipeleke chuma kikapimwe. Alikuna kichwa, lakini alikuja. Ng'ambo ya barabara kuna duka la Nazir lenye mzani mkubwa wa magunia. Tukavuka kwenye manyunyu, yeye kashika huku, mimi nimeshika huku.

"Karibu, mzee Gwakisa," Nazir akasema akikitazama chuma. "Mchele wa Kyela huo?"

Mzani ukasoma hamsini na mbili. Lakini mzani wa Nazir nao nina shaka nao tangu zamani, kwa sababu maharage yake huwa yanapungua njiani. Nikataka apime mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Hamsini kamili. Nikataka mwingine. Hamsini.

"Kila anayerudi likizo anakuja na kesi hiyo hiyo," Silvester akasema, bila hasira. "Kuna mmoja kasema bomba limepinda. Mzee wangu, anza na kile cha thelathini. Wiki mbili tatu nguvu inarudi. Ukilazimisha leo utavunja mgongo, halafu nani atamhudumia mama?"

Akili yangu ilikuwa imeshafika nyumbani. Kama chuma ni kile kile, basi aliyepungua ni mimi. Na kama aliyepungua ni mimi, imekuwaje asubuhi ile nimemtoa Anjela kitandani kwa urahisi ambao sijawahi kuuona? Jana vilevile. Nilikuwa nimejisifu moyoni, kumbe nguvu zenyewe sina. Basi ni Anjela amepungua uzito, tena sana, na mtu hapungui hivyo bila ugonjwa. Nikazikumbuka zile alasiri za mlango uliofungwa. Paskalina ni nesi. Wanajua kitu na wamenificha. Niliogopa, siwezi kudanganya.

Nikapanda bodaboda. Anjela nilimkuta kwenye kiti chake dirishani. Nilimtazama mashavu, yamejaa. Nikamshika mkono, nikatafuta mifupa. Nyama ipo.

"Unanikagua kama mbuzi wa mnadani?" akauliza. Tangu augue maneno yake hutoka moja moja.

"Iringa ulikuwa unakula?"

"Sana."

Akatazama pembeni. Pale nikajua kweli kuna jambo.

"Nikurudishe kitandani upumzike, mama Gloria," nikasema. Nikainama, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikahesabu moja, mbili, tatu kama siku zote. Ila safari hii sikuvuta. Niliiweka mikono tu, bila nguvu yoyote, nione kitakachotokea.

Anjela akainuka.

Aliinuka polepole, mguu wa kulia ukitetemeka, mpaka akasimama mbele yangu na paji lake likafika kwenye kidevu changu. Ndipo naye akagundua.

"Hukuvuta," akasema.

"Sikuvuta. Tangu lini unaweza?"

"Iringa. Paskalina alinifanyisha mazoezi. Kila alasiri." Akavuta pumzi. "Hapa nilikuwa nasukuma kidogo tu. Usijue."

Hasira ikanipanda. Siku zote hizi nahofia kunyang'anywa mke, nimemtuhumu Silvester wa watu kwa zege, nimepima saruji ya Nazir, na mwenyewe ananichezea humu humu ndani.

"Kwa nini umenificha?"

Alinishika shati kwa mkono wa kushoto asiyumbe.

"Kazini walikuambia umri umefika, inatosha. Ukakaa ndani miezi miwili, hutaki hata kunyoa. Ulipoanza kuninyanyua ndipo ukaamka. Sasa na mimi nikuambie inatosha?"

Ni kweli yote, na iliniuma kwamba amekuwa akinitunza huku mimi najiona ndiye ninayemtunza. Machozi yalinitoka nikayaacha.

"Kesho sitakugusa," nikamwambia. "Nitasimama karibu, nihesabu tu."

"Hesabu polepole," akasema Anjela. "Huwa unakimbiza."