Upande wa Kushoto wa Baba

Mtaani baba walimwita Sawasawa. Ukimsalimia, sawa. Ukimwambia mvua inakuja, sawa. Jirani yetu wa ukuta wa nyuma aliwahi kumwomba aweke mkokoteni mbovu uani kwetu kwa siku mbili. Baba akasema sawa, na mkokoteni ule ukakaa miaka minne, kuku wakataga ndani yake. Sisi watoto tulijifunza mapema: jambo ambalo mama angelikataa, mpelekee baba akiwa anakula.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi alifanya. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye msumeno mkubwa wa kiwanda cha mbao. Alitoka kabla hatujaamka, akarudi jioni na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akishanawa tulikaa mezani, mama kulia kwake, mimi kifungua mimba kushoto. Kiti cha mama hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilidhani ni wivu. Baada ya kula baba alitengeneza kilichovunjika siku hiyo, mkoba wa shule au kiatu cha mdogo wangu. Hakuuliza nani kavunja. Asubuhi ulikikuta kitu chako mlangoni, kizima.

Lakini mimi nilitaka maneno. Nilizaliwa na mdomo, nikapewa baba asiye nao. Nilipopata kazi ya ualimu nilimsimulia dakika kumi nzima, yeye akasema sawa, akaomba chumvi. Niliyameza hayo kwa miaka. Siku ya harusi ya mdogo wangu baba aliombwa awape maharusi neno, akatikisa kichwa tu, akatoka. Nikamfuata nje, na mbele ya shangazi zangu nikamwambia kwamba kuwa na baba kama yeye na kuwa yatima ni yale yale. Nilipiga kelele, hata maharusi walisikia. Baba alinitazama, akachukua koti lake, akaenda nyumbani kwa miguu.

Hasira hasara. Lile neno lilinikosesha raha miezi miwili, mpaka nikaenda kuomba radhi. Nilimkuta peke yake mezani, anapiga msasa mguu wa stuli. Nikaketi mahali pangu pa siku zote na kuinamisha kichwa, na kwa aibu niliyokuwa nayo sauti ikatoka ndogo. Nilisema nimekosa. Nilisema kila kiatu alichotushonea nakikumbuka. Nikalia, nikamwomba anisamehe. Msasa ukaendelea, kwaru, kwaru. Hata ile sawa yake, aliyompa kila mpita njia, mimi hakunipa.

Niliinuka na kuondoka, nikaapa sitatia mguu pale, hata kwa chakula cha Jumapili kama zamani, mpaka aniite mwenyewe. Miezi saba ikapita. Kisha mama akanipigia simu: moyo wa baba umesimama, alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini.

Tangu tumzike nilikuwa na swali moja tu, kama amekufa na kinyongo na mimi. Nilimtamani baba yangu mpaka nikajishangaa. Nikipita penye mbao mbichi nilisimama, nikavuta pumzi, watu wakanipita wakinung'unika.

Wiki ya tatu akaja mwenzake wa kazini, mzee tuliyemwita Fundi, kumletea mama koti na kikombe alivyoviacha baba kiwandani. Fundi anaongea kama yuko mnadani. Nilimpa chai, nikaketi kando yake, nikamuuliza kama baba aliwahi kumwambia ana kinyongo na mimi. Akaendelea kunywa. Nikamgusa mkono. Akageuka, akanitazama midomo.

"Mwanangu, kama una neno hamia huku kulia. Sikio hili la kushoto kelele za msumeno zimeshalila. Sote wa mashine ile tuko hivi. La baba yako lilikufa kabla ya langu."

Nilimwambia baba alikuwa anasikia vizuri. Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. Alisema baba alilificha sikio lile kwa sababu asiyesikia hutolewa kwenye msumeno, na pale ukitolewa kwenye msumeno umetolewa getini, na nyumbani kulikuwa na watoto wa kulisha. Nusu ya aliyoambiwa hakuyasikia, alikubali tu.

Fundi alipoondoka nilimfuata mama jikoni, alikokuwa anaosha vikombe. Nilimuuliza kwa nini alituficha.

"Aliniapisha. Alisema mkijua mtamwonea huruma, na yeye huruma hakuitaka."

Nikamweleza habari ya ile siku ya stuli. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilimwambia nilikaa upande gani. Mama akafunga bomba, akabaki ameshika kikombe kinachochuruzika.

"Alikuona unalia," alisema. "Jioni aliniuliza ulikuwa unasema nini. Nikamwambia nilikuwa nje naanika nguo, sijui, amuulize mwenyewe mtoto wake. Akasema hapana, ni aibu kumrudisha mtu kwenye machozi yake. Akasema, 'Jumapili akija ataniambia tena. Nitamsikiliza vizuri.'"

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia simu.

"Baba yako, apige simu?" Mama alikaribia kucheka, akashindwa. "Kila Jumapili alioga mapema, akavaa shati safi, akakaa anatazama geti. Nikimwambia huenda una kazi nyingi shuleni, anasema sawa. Na hilo alikuwa amelisikia."

Miezi saba ina Jumapili thelathini. Zote nilikuwa kwangu, mwendo wa dakika ishirini, nimenuna, nangoja aniite.