Jogoo wa Posa ya Eva

Mimi gesi imenikera, nasema wazi. Hapa Chapwa, Tunduma, kila mtu kaacha kuni, hata mama mkwe wangu aliyekuwa akidai gesi inatia ugali harufu. Redioni wanasema gesi tunayo tele kule Mtwara, mpaka ya kuuza ng'ambo. Mume wangu Osea hunieleza kwamba hiyo ni nyingine, hii ya mitungi inatoka nje. Sawa, baba, lakini Jumamosi ile wakwe walipokuja kumposa binti yetu Eva, Tunduma nzima hukupata mtungi hata wa dawa.

Kwetu posa haizungumzwi kwa tumbo tupu. Jogoo kwanza, maneno baadaye, na mwali hukaa ndani mpaka aitwe. Sasa jogoo wangu alikuwa mzee, moto ukazima hata hajalegea. Wageni kutoka Hasamba wamekaa sebuleni, wanaitazama kalenda ya kanisa. Wakiondoka na njaa, posa imekufa, na Eva wangu anampenda huyo kijana wao Lusubilo mpaka kakonda. Niliogopa, jamani.

Nikakimbiza sufuria kwa jirani yangu Fides. Mtungi wake ukakohoa, nao ukazima. Nikaihamishia kwa Tumpale, nyumba ya tatu, nikarudi kuwachangamsha wakwe kwa habari za mvua na bei ya kahawa. Hakuna aliyenijibu zaidi ya “ndiyo, mama.”

Baadaye Tumpale akapiga simu: jogoo kaiva, nimfuate kabla wanawe hawajamwonja. Nitainukaje na wakwe wananitazama? Kumbe Eva kasikia yote chumbani, na subira imemwishia. Akatoka kwa mlango wa nyuma kumfuata jogoo.

Njia ya kurudi kutoka kwa Tumpale inapita mbele ya mlango wetu, na mlango ulikuwa wazi. Akapita mwanangu, miguu mitupu, sufuria kichwani. Nilitamani ardhi inimeze. Macho yake yalipokutana na ya wageni, akapiga magoti palepale kuwasalimia wakwe, na mchuzi haukumwagika hata tone.

Osea akaangalia dari. Mshenga akakohoa. Ndipo Ikupa, shangazi yake Lusubilo, mama mwenye sura ngumu aliyekuwa hajatabasamu tangu afike, akavunja mwiko na kusema kabla ya kula.

“Mama Eva, mwali tumeshamwona, na tumempenda. Sasa mwambie aingie na huyo jogoo, tunakufa njaa.”