Sioshi Aliye Hai

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kuosha maiti.

Hilo halikunishangaza. Ndiyo kazi yangu hapa mtaani kwetu Kondoa. Akifariki mwanamke, wanakuja kunigongea mimi, Bi Sauda. Ila nililala na mawazo mengine kabisa. Eda yangu imekwisha, na shemeji yangu Mbaraka, mdogo wa marehemu mume wangu, alishasema asubuhi atakuja na kufuli jipya aifunge nyumba niliyoijenga na kaka yake. Aliponiambia, nilinyamaza. Akaondoka akiwatangazia watu kwamba nimekubali.

Basi ndotoni nafika na ndoo yangu, na mkoba wenye sanda, pamba na karafuu maiti. Juu ya kitanda cha kuoshea amelala mnyama, ukubwa wake kama paka. Uso mweupe, mkia mtupu kama wa panya, mdomo wazi, meno mengi kupita kiasi. Pembeni ameketi mnyama mwingine, manyoya mazuri, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Amevaa kofia iliyopigwa pasi. Mkiani ametundika kufuli jipya.

"Pole na msiba," namwambia.

"Nimeshapoa," anajibu. "Marehemu ni dada yangu. Yeye ni oposumu wa Amerika, mimi ni posumu wa Australia. Jina letu karibu moja, na kwake na kwetu wanawake hubeba watoto katika mfuko wa tumboni. Damu moja hiyo. Muoshe haraka, Bi Sauda. Ana shimo lake zuri kwenye mti, halivuji hata tone, na mrithi ni mimi."

"Amekufaje?"

"Mbwa alimbwekea, akaanguka. Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Kweli alinuka kama samaki wa juzi. Ndoo yangu ikaziba pua.

"Naomba nikasubiri nje," ikasema.

Nikaiambia itulie, tuko kazini.

Nikasema Bismillahi. Kawaida yetu, kwanza unamwinua maiti kidogo na kumpitishia mkono tumboni, taratibu, maana hata maiti ana heshima yake. Nikapitisha mkono. Nikakuta mfuko wa ngozi, na ndani ya mfuko sauti ndogo ikasema:

"Mama hawezi kuja, amezimia. Rudini baadaye."

"Nyinyi ni nani?"

"Wanawe. Tufungie, baridi inaingia."

Nikawafungia. Nikafuta mikono.

"Huyu haoshwi," nikasema.

"Haoshwi vipi?" posumu akaruka. "Hasemi, hatikisiki, ananuka! Unataka nini tena, mama wewe?"

"Watoto wake wana joto."

"Mimi ndugu yake nimeruhusu!"

"Hata ukiruhusu wewe na nchi nzima. Sioshi aliye hai."

Sanda iliposikia hivyo ikajikunja yenyewe, ikarudi mkobani.

Nikamtazama vizuri yule mrithi. Jambo la mkia lilikuwa linanikera tangu nilipoingia.

"Na wewe ukibwekewa, unaanguka hivi?"

"Mimi? Hata siku moja. Napanda zangu mtini."

"Mwenzako mkia hauna nywele, wako umefuga msitu. Yeye wa Amerika, wewe wa Australia, katikati bahari nzima. Nani aliwaambia ni ndugu?"

Akaivua kofia, akaivaa tena. "Wageni walikuja kwetu na meli. Wakaona nafanana naye kidogo, wakanipa jina lake."

"Kwa hiyo udugu wenu mliletewa na meli."

Hapo tukawa Australia. Hakuna aliyesafiri, kitanda ni kile kile, ndoo ni ile ile. Nyuma ya posumu amesimama polisi.

"Huku kwetu sheria inanilinda," posumu anasema, anatabasamu. "Niguse uone."

Polisi anaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Sikumgusa. Nilikishika kitanda, nikakisukuma hatua moja upande linakochomoza jua, na wote wakaja nacho. Tukawa Nyuzilandi. Polisi yule yule akavua kofia, akavaa nyingine, akatoa mtego begani.

"Wewe huku uliletwa tu," akamwambia posumu. "Unatumalizia miti. Huku unawindwa."

Posumu akatoka mbio, hakuaga. Kufuli likaanguka sakafuni, likaniangalia.

"Sasa mimi nimfunge nani?"

"Jifunge mwenyewe."

Likajifunga. Ka!

Ndipo sikio la oposumu likatikisika. Kisha la pili. Akainuka, akafungua mfuko, akawatazama wanawe, akaufunga.

"Ulijifanya umekufa, mwenzangu?" nikamuuliza.

"Sijifanyi. Hofu ikinizidi mwili unaanguka wenyewe. Hauniombi ruhusa."

"Na mimi walipotaja nyumba yangu, ulimi uliganda."

"Wakasemaje?"

"Wakasema nimekubali."

Akacheka mpaka meno yote hamsini yakaonekana. "Afadhali wewe. Mimi walishaleta pamba. Sikiliza, Bi Sauda, kuanguka si kosa lako. Ila ukizinduka usianze kwa kuomba radhi. Anza kwa meno."

Nikaamshwa na adhana ya alfajiri. Nikatawadha, nikaswali, nikamwombea marehemu mume wangu, nikabandika chai. Kabla haijachemka, nikasikia hodi. Mbaraka yuko mlangoni na fundi wa milango.

"Shemeji, tumekuja kama ulivyokubali."

"Nilikubali lini?"

"Si ulinyamaza?"

"Nilizimia. Sasa nimezinduka, na nyumba haifungwi." Nikamwonyesha meno, yote niliyobakiwa nayo.

"Usinitanie, shemeji. Fundi, funga!"

Akatoa kufuli kwenye boksi lake la dukani. Fundi akalipokea, akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akajaribu wa pili.

"Mzee, hili limejifunga," akasema. "Na ni jipya kabisa."

"Jana dukani lilifunguka!"

Fundi akalivuta, akaligonga, akalirudisha kwa Mbaraka. Katikati ya vidole vya fundi umebaki unywele mmoja wa kijivu, mrefu, laini, kama wa brashi ya kuoshea chupa.

"Karibuni chai," nikasema. "Mtakunywea hapo hapo nje."