Ruhusa ya Kichwa

Mtu aliyekama ng'ombe tangu utotoni huujua mguu unaotaka kupiga kabla haujainuka. Kwa hivyo Wambeti, nyanya wa watu kutoka Majimbo kule Embu, hakuwa na wasiwasi wowote. Aliketi mbele kabisa katika ukumbi wa shule moja pale Kaaga, akavua viatu vyake, akatulia kama mtu aliye jikoni kwake. Michezo ya kaunti za mlima ilikuwa imekuja Meru mwaka huo. Huko nje uwanjani vijana walikuwa wakikimbia na kurusha mikuki. Humu ndani ilikuwa taekwondo, ule mchezo wa Wakorea wa kupigana kwa mateke, na mjukuu wake Kagure alikuwa amebakisha mapambano mawili tu.

Akishinda yote mawili, angeitwa Nairobi kwenye kambi ya timu ya taifa. Nafasi ilikuwa moja. Wa pili angevishwa medali, apewe pole, arudi kwao.

"Huyo wa Tharaka hatachelewa," Wambeti alimwambia jirani yake bila kuulizwa. "Mwangalieni wangu, yule wa kinga nyekundu."

Na kweli. Pambano la nusu fainali halikuwa limepata moto Kagure alipoingia kama upepo wa Julai, mguu ukapaa, ukamgusa wa Tharaka kwenye kofia ya kinga. Teke la tumboni lina pointi mbili, la kichwani lina tatu. Tatu zikawaka ubaoni. Msichana wa Tharaka akayumba, akakaa chini kwa makalio, hajaumia ila ameshangaa. Watu wa Embu wakainuka kwa kelele.

Hapo Kagure akafanya jambo. Aliinama kidogo kwa adabu, akainua mguu ule ule, akaupitisha pole pole juu ya kichwa cha mwenzake aliyekaa chini, kutoka upande ulikoishia kurudi upande ulikoanzia. Kisha akaushusha, akasimama wima, uso umetulia kama wa mtu aliyefunga lango la boma.

Refa aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Kumwinulia mguu mtu aliyeanguka! Adhabu! Pointi ikaenda kwa Tharaka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Wambeti hakucheka. Alitazama huku na huku, akaona kwamba upande wa pili, kati ya watu wa Meru, kulikuwa na mama mmoja mzee mwenye kitambaa cha kijani ambaye naye hakucheka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Kutoka hapo Kagure hakupiga kichwa tena. Alipiga tumbo, akapiga tumbo, akashinda kwa shida, jasho likimtiririka.

Kocha Nyamu alikuja mbio, akachuchumaa mbele ya Wambeti.

"Shosho, nieleze. Huo mguu anaourudisha ni wa nini?"

"Wewe ulilelewa wapi, Nyamu?"

"Si Runyenjes?"

"Na huko Runyenjes, mtoto akipitishiwa mguu juu, hufanywa nini?"

Nyamu akajishika paji la uso. "Anarukwa tena kwa kurudi. Ili asidumae."

"Haya basi. Msichana amelelewa."

"Woi, shosho! Na mimi kule mazoezini nilikuwa nadhani ni mbwembwe zake! Hata nimewafundisha wengine!"

Wambeti alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Nyamu hakuwa na muda wa kicheko. Fainali ilikuwa na Gatwiri, msichana wa hapo hapo Kaaga, mrefu kama mgomba uliopandwa kwenye mbolea. Miguu yake ilifika mbali. Ukimwendea tumboni, utakuwa umeshapigwa kabla hujafika. Pointi za kumshinda ziko juu, na juu hapapigwi ukiwa na wasiwasi.

"Mwambie aache hiyo mambo," Nyamu akasihi. "Wewe ndiye ulimfundisha, wewe ndiye utaitoa."

Kagure alikuwa amefika, taulo shingoni. "Nimejaribu, shosho. Mguu unarudi wenyewe. Na nikiuzuia, naona ni kama nimemwachia huyo dada mzigo. Sasa pambano lote nitakuwa nafikiria huo mzigo."

"Nikikwambia nimekuruhusu?"

Kagure alimtazama kwa macho ya mtoto aliyelala kitanda kimoja na nyanya yake miaka mingi. "Lakini kichwa si chako, shosho."

Mtoto alikuwa amesema ukweli, na ulikuwa ukweli ambao Wambeti alimfundisha mwenyewe. Kitu cha mtu hutolewa ruhusa na mwenyewe, au na wakubwa wa mwenyewe. Akavaa viatu.

"Unaenda wapi?" Nyamu akauliza.

"Kuomba kichwa."

Alivuka ukumbi mbele ya watu wote, akaenda moja kwa moja hadi kwa yule mama wa kitambaa cha kijani. Aliyeheshimu mguu ule angejua wakubwa wa Gatwiri walipo. Kumbe ndiye mwenyewe, Mama Thuranira, nyanya ya Gatwiri, na pembeni yake kulikuwa na thamosi ya uji na kikombe kimoja cha bati. Waliamkuana vizuri. Kiembu cha huyu na Kimeru cha huyu vilikutana katikati, na palipokwama walitia Kiswahili.

"Mama Gichovi, karibu Meru," Mama Thuranira akasema, baada ya kujua mgeni wake ni mama ya nani. "Keti. Mmekuja kutafuta miraa ya maana, eh? Mmechoka kutafuna muguka, yale majani ya mbuzi?"

"Mbuzi wa kwetu wana meno mazuri kuliko vijana wenu," Wambeti akajibu, akaketi. "Kitendawili!"

Mama Thuranira aliangaza uso. "Tega."

"Mlima wangu hutembea, na msitu uko kileleni."

"Na nikishindwa nikupe mji gani?"

"Leo sitaki mji. Ukishindwa, utanipa jibu lenyewe."

Watu wa karibu walianza kusogea. Mama Thuranira alijimiminia uji, akaonja, akamtazama mwenzake juu ya kikombe. Hakuwa mjinga.

"Ni kichwa," akasema. "Na unataka cha Gatwiri. Nilimwona msichana wako akirudisha mguu. Hawa watoto wengine walicheka, mimi nikasema, huyo ametoka kwa watu."

"Sasa umejibu, sina cha kukudai. Naomba tu."

"Kuomba si kubaya. Lakini umeona Gatwiri akipiga kichwa cha mtu hata mara moja tangu asubuhi?"

Wambeti alifikiri. Alikumbuka miguu ile mirefu, na kila teke lilikuwa la tumbo.

"Hujaona," Mama Thuranira akaendelea, "kwa sababu na yeye ana nyanya. Huyo nimemwambia kichwa cha mtu si kiti cha mguu, tangu akiwa mdogo. Kocha wake amelia mpaka amenyamaza. Kwa hivyo ukitaka cha wangu, Mama Gichovi, toa cha wako. Tufungue vyote viwili ama tufunge vyote viwili."

Wambeti aliona hesabu yake vizuri. Wakifunga, Gatwiri angeshinda kwa urefu wa miguu, pole pole, bila kelele. Wakifungua, Kagure angepata njia ya juu, lakini na lile teke la mgomba lingekuwa huru, na kichwa cha mtoto wake ndicho kingelipa. Alimtazama Kagure kule ng'ambo. Msichana alikuwa akirukaruka mahali pamoja, mabega yamelegea, anamtazama yeye.

"Nimempa uji na maziwa, nikampa na akili," Wambeti akasema. "Kichwa chake kinajua kuinama. Nimekitoa."

"Na mimi nimetoa."

Walikunywa uji kwa kikombe kimoja, huyu akaanza, huyu akamaliza. Kisha wakainuka pamoja. Mama Thuranira alimwendea Kagure, akaweka kiganja juu ya kofia yake ya kinga.

"Hiki leo ni cha mchezo," alisema. "Kesho ni cha mama yako. Piga cha Gatwiri ukiweza, na usirudishe mguu. Hakuna deni."

Wambeti naye akamwekea Gatwiri mkono, ingawa ilibidi msichana ainame ndiyo afikiwe. Maofisa walitazamana, mmoja akaangalia saa, lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwafukuza wale wanawake wawili.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Gatwiri. Alikuwa kama ndama aliyefunguliwa kamba. Teke la kwanza la kichwani lilimpata Kagure sikioni, juu ya kinga, paa! Ukumbi wa Meru ukatetemeka. La pili likafuata kabla watu hawajaketi. Raundi ikaisha.

Nyamu aligeuka kwenye kiti chake cha kocha, macho yamemtoka. "Shosho! Kumbe ulimfungulia hata yeye?"

"Lango halichagui mbuzi," Wambeti akasema. "Geuka huko, fanya kazi yako."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimekunja upindo wa leso. Anayeshinda raundi mbili ndiye mshindi, na Kagure hakuwa na nafasi tena ya kukosea.

Nyamu alimnong'onezea Kagure, akampa maji, akamgonga kifua kwa ngumi. Kagure akarudi mkekani akitabasamu. Ndiyo, akitabasamu! Wambeti alimwona, na vidole vikaachia leso. Mguu ule wa Gatwiri ulipopaa tena, Kagure hakurudi nyuma. Aliinama, ukapita juu kama tawi, akaingia karibu, akapiga tumbo, akatoka. Akaingia tena. Mara ya tatu alitoka kwa teke la juu, nalo likagusa kofia ya bluu ya Gatwiri. Mguu ulishuka chini moja kwa moja, ukakanyaga mkeka, ukakaa. Haukurudi.

"Umeona?" Mama Thuranira akaita kutoka ng'ambo. "Haukurudi!"

"Nimeona! Chunga wako!"

Raundi ya pili ikawa ya Embu.

Ya tatu watu wote walisimama, hata wale waliokuja kwa sababu ya jua kali nje. Walipigana kama dada wawili wanaogombania nguo ya Krismasi. Gatwiri akaongoza, Kagure akasawazisha, Gatwiri akaongoza tena kwa pointi mbili. Nyamu alikuwa ameacha kiti, refa akamwashiria arudi akae. Muda ulikuwa unakwisha. Gatwiri, akijua ana akiba, alianza kurudi nyuma akilinda tumbo, mikono chini.

Mikono chini. Kagure alizunguka kwa kisigino, mgongo ukamgeukia mwenzake, na mguu ukaja kutoka kule ambako Gatwiri hakuutarajia. Kisigino kikalamba kofia ya bluu upande wa juu. Pointi za teke la kuzunguka zikawaka ubaoni, na kengele ikalia zikiwa bado zinawaka.

Gatwiri alibaki amesimama, mkono kichwani, halafu akacheka. Alimshika Kagure mabegani, wakainamiana, wakakumbatiana huku refa akijaribu kuwatenganisha ili apate mkono wa kuinua. Akaupata. Ulikuwa wa nyekundu.

Wambeti alipanda juu ya kiti. Viatu vilikuwa vimebaki chini, hakujua alivivua saa ngapi. Akatupa kichwa nyuma, akapiga ngemi, ile sauti nyembamba ya kumpokea mtoto anapozaliwa, akapiga nyingine, na nyingine, hakuacha. Mama Thuranira akaitikia kutoka ng'ambo, na wanawake wa pande zote mbili wakaingia. Nyamu alikuja akilia na kucheka, akamshika mkono asianguke.

"Shosho, ngemi za mtoto msichana si ni tatu? Wewe umeshafika tano, hizo ni za kijana!"

"Nyamaza, Nyamu," Wambeti akasema, akivuta pumzi. "Sijamaliza."