Majina Manne ya Droni

Kamati ya zahanati ya Mtambweni, kisiwani Pate, ina watu saba, na sita kati yao walikuwa wamekwisha kukubali kabla Lubna hajafungua kompyuta yake. Wa saba alikuwa katibu, Bi Umulkheir. Kanuni ya kamati ilitaka sahihi zote saba.

Bi Umulkheir alikuwa na umri wa miaka arubaini na sita, na kwa miaka ishirini alikuwa amesomesha hadithi za Mtume katika madrasa ya wasichana ya kijiji. Wanafunzi wake walisema haulizi swali asilojua jibu lake. Walikosea kidogo: zaidi aliuliza maswali ambayo alijua kwamba wewe hujui majibu yake.

Lubna aliihitaji sahihi hiyo siku hiyo hiyo. Kampuni yake ilirusha droni za dawa kutoka Mokowe, na njia ya kisiwa cha Pate ndiyo pekee ambayo ingekifanya kituo cha hapo kiendelee kuwepo. Bila Pate, kituo kingefungwa mwisho wa mwezi, naye angehamishiwa mji wa bara ambao hakujishughulisha hata kuutafuta kwenye ramani. Alikuwa amerudi nyumbani kwao Mkomani mwaka uliopita, baada ya miaka tisa ya Nairobi. Mama yake ndiyo kwanza alikuwa ameacha kumuuliza kila asubuhi anaondoka lini.

Hofu ya kijiji haikuwa ya kipuuzi. Kitu kitakuwa kinapita juu ya mapaa yao, hakina mtu ndani, kimebeba sanduku. Nani anakiamuru? Na nani mwingine anaweza kukiamuru?

"Droni haimsikilizi mtu yeyote tu," Lubna alieleza. Walikuwa wamekaa katika chumba cha chanjo, kwenye mabenchi ya akina mama. "Kila amri inayopita kwenye mtandao lazima iwe na sahihi ya ufunguo wa mwendeshaji. Ufunguo una cheti. Cheti kimesainiwa na ofisi kuu. Droni hukagua msururu mzima kabla ya kugeuka hata kidogo."

"Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani," alisema Bi Umulkheir.

"Naam, ni kama—"

"Ni sanadi, mwanangu. Hapa twaisomesha watoto wa miaka kumi. Endelea."

Lubna alikuwa ameandaa picha kumi na moja za makufuli, kwa kudhani kamati ingehitaji makufuli. Ya kwanza ilikuwa tayari kwenye kioo; alizifunga zote bila kuzieleza.

"Na huyo wa mwanzo kabisa," Bi Umulkheir aliendelea, "hiyo ofisi kuu. Cheti chake kimesainiwa na nani?"

"Kimejisaini chenyewe."

"Kinajishuhudilia?"

"Msururu lazima uanzie mahali, Bi Umulkheir. Hicho hakitumwi kwa mtandao. Kimewekwa ndani ya droni kwa mkono, nami nilikuwepo."

"Basi ni kama Bwana Muhdhar." Bi Umulkheir alimgeukia mwenyekiti, mwenye duka la vipuri vya injini za boti. "Yeye pia hujishuhudilia kwamba bei zake ni nafuu."

"Mwataka shahidi gani mwingine?" alijibu Bwana Muhdhar. "Duka ni moya."

Simu ya Lubna ililia. Alikuwa Sadiq, mwenzake wa kituoni, akiarifu kwamba droni ya majaribio imeondoka Mokowe. Ilibeba mayai kumi na mawili. Bi Umulkheir ndiye aliyechagua mzigo, kwa hoja kwamba pamba ikianguka haitoi ushahidi. Kwenye kompyuta ilionekana nukta ya buluu ikianza kusogea kaskazini, juu ya maji.

"Sasa nisomee wapokezi," alisema Bi Umulkheir.

"Samahani?"

"Majina. Hii inayokuja inamtii nani na nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Lubna swali hilo. Wakaguzi waliotoka Nairobi waliuliza urefu wa funguo, wakaridhika, wakaenda Shela kuogelea. Alifungua orodha na kuisoma.

"Yassir Abubakar, mhandisi mkuu, Nairobi. Mimi. Sadiq Shee, Mokowe. Ubaid Athman."

"Ubaid Athman yupi?"

"Mwana wa ami yangu."

"Mumewe Razan?"

"Ndiye."

"Razan nimemsomesha mimi. Walihamia Mombasa mfungo pili, mume kapata kazi bandarini. Pilau ya kuwaaga nimeila." Bi Umulkheir alihesabu kwa vidole bila haraka. "Huu ni mfungo sita. Miezi minne."

Utaratibu ulisema kwamba anayeacha kazi hufutwa siku ile ile. Aliyeuandika utaratibu huo ni Lubna. Siku ya pilau alikuwa ameifungua orodha, kidole kikafika kwenye jina, na mbele yake Ubaid alikuwa akimchagulia mnofu na kumwambia kwamba popote atakapokuwa, wao ni wamoja. Akaifunga kompyuta. Tangu hapo mashine ilimkumbusha kila Jumatatu, na kila Jumatatu alibonyeza "baadaye". Alikuwa amebonyeza mara kumi na sita.

"Umeona haya," alisema Bi Umulkheir.

Lubna angeweza kusema kwamba alisahau, lakini hakusahau.

"Nimeona haya."

"Haya ni njema. Ila hapa haina kazi."

"Ubaid ni mtu mwema. Hawezi kufanya ubaya wowote."

"Sikuuliza kama ni mwema. Nauliza kama ataweza kuiamuru. Mpigie."

Ubaid alipokea upesi, na sauti yake ikakijaza chumba. "Eeh, mhandisi! Mwezi mzima kimya, yeo wataka nini?"

"Ubaid, unasikika na watu. Niko na kamati ya Mtambweni."

"Salamu alaikum, kamati. Katibu bado ni Bi Umulkheir? Basi pole, Lubna."

"Wa alaikumu salaam," alijibu Bi Umulkheir. "Ndimi niliye hapa. Ile nyama yenu ilikuwa ngumu."

Upande wa Mombasa, Ubaid alikohoa.

"Ule ufunguo wako wa droni," Bi Umulkheir aliendelea, "bado unao?"

"Uko kwenye simu yangu ya zamani. Hakuna aliyeudai. Kwani?"

"Kuna droni moya angani. Igeuze."

"Lubna?" aliita Ubaid, kwa sauti nyingine.

Lubna aliitazama nukta. Chini yake palikuwa na maji matupu, hakuna boti. Akikataa, atakuwa amekwisha kujibu swali. Akikubali, tumaini lake pekee ni kwamba cheti cha Ubaid kimekwisha muda. Na hakikuwa kimekwisha, kilibakisha miezi saba, na hilo pia alilijua.

"Igeuze," alisema. "Kulia, kisha iache."

"Subirini niitie moto simu."

Walisubiri dakika sita. Kisha ile nukta, iliyokuwa ikienda moja kwa moja, ilipinda kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha nyumbani, ikashika njia ya bahari kuu. Bwana Muhdhar, ambaye alikuwa ameshatoa kalamu yake, aliirudisha mfukoni.

"Kutoka Mombasa," alisema.

"Kutoka jikoni," Ubaid alisahihisha. "Nakaanga samaki."

Mjumbe mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Lubna alikuwa ameshaifungua orodha. Aliligusa jina la Ubaid na kubonyeza "futa". Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Ikamuuliza tena. Orodha mpya ilitiwa sahihi, ikapita kwenye mtandao hadi kwenye droni, na droni ikajibu kwamba imeipokea. Kazi yote ilichukua sekunde arubaini. Aliiahirisha miezi minne.

Mlio mdogo ulisikika kwenye simu ya Ubaid.

"Lubna, nimeletewa ujumbe. Wasema 'umeondolewa'." Sauti ilikuwa haina mzaha tena. "Umenifuta? Mbele ya watu?"

Lubna alifungua kinywa. Bi Umulkheir alimtangulia.

"Hukufutwa kwenye ukoo, mwanangu. Umefutwa kwenye droni. Jaribu tena kuigeuza."

"Imekataa."

"Mara ya pili."

"Imekataa. Yasema haimjui mtumaji. Bi Umulkheir, kitu hiki nimekiendesha mwaka mzima na nusu!"

"Nami Razan nilimsomesha miaka sita, na kwenye harusi yenu nilikalishwa nyuma ya spika. Geuza samaki wako."

Lubna aliirudisha droni kwenye njia yake kwa ufunguo wake mwenyewe. Robo saa baadaye ilitua uani, na kamati nzima ikatoka kuhesabu mayai. Kumi na moja yalikuwa mazima. La kumi na mbili lilikuwa na ufa, na ulizuka ubishi mrefu kama ufa huo ulianzia angani au Mokowe. Ubishi ulipokwisha walirudi kwenye mabenchi, na Bwana Muhdhar akasema lililokuwa moyoni mwa wengi.

"Mimi nilikuwa nimekubali. Sasa sijui."

"Mlichokiona ndivyo kilivyo," alisema Lubna. "Funguo hazikuvunjwa. Droni ilimtii mtu aliyekuwa kwenye orodha, kama ilivyofundishwa. Aliyemwacha kwenye orodha ni mimi. Nitaandika hivyo hivyo kwa Nairobi leo, mkisaini au msiposaini."

Lubna alianza kukunja waya wa kompyuta.

"Keti," alisema Bi Umulkheir. Alikuwa akiandika kwenye barua ya kibali, chini ya maneno ya kampuni, kwa hati ndogo iliyonyooka. "Hiyo mashine yenu inajua nani kahama?"

"Haijui. Lazima iambiwe."

"Sisi twajua. Hapa mtu hahami ila watu wale pilau." Aliendelea kuandika. "Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, orodha isomwe mbele ya kamati hii, jina la mtu na la babake. Aliyeacha kazi afutwe hapo hapo, nasi tukiona. Kampuni yako itakubali?"

"Kusoma majina matatu? Itakubali."

"Mimi sharti hilo lanitosha," alisema Bwana Muhdhar, na kalamu ikatoka tena mfukoni. Wengine waliitikia kwa kichwa.

Bi Umulkheir alitia sahihi wa kwanza, akaisukuma karatasi kwa mwenyekiti. Lubna aliisoma ikiwa bado inazunguka mezani. Sharti lilikuwa na mstari mmoja zaidi ya alivyoambiwa: msomaji wa orodha atakuwa Lubna mwenyewe, ana kwa ana, na akibadilishwa kibali kinakoma.

"Bi Umulkheir, jina langu limeingiaje humu?"

"Kwani una safari?"

"Sina. Lakini kazi hiyo anaweza kuifanya mhandisi yeyote."

"Mhandisi yeyote haoni haya mbele yetu," alisema Bi Umulkheir, akiutafuta muhuri wa zahanati mtotoni mwa meza. "Mgeni nikimuuliza wapokezi, atanionyesha picha za makufuli. Bwana Muhdhar, hapo ni sahihi yako, si bei. Andika jina kamili."