Mguu wa Mringaringa

Eliezeri alirudi kutoka vitani mwaka 1946 akiwa na koti la jeshi, medali moja, na mguu wa bandia wenye rangi ya kuku aliyenyonyolewa. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti huko Burma. Hospitali ya jeshi ikampa huo mwingine, uliotengenezwa Ulaya kwa mamia, yote ya umbo moja, tofauti ikiwa urefu tu. Ulikuwa na kifundo, kisigino, na unyayo bapa uliochongwa ili uingie kwenye kiatu. Daktari alimwambia ashukuru.

Alishukuru mpaka aliposhuka kwenye treni Same na kuanza kupanda njia ya kwao Vudee. Unyayo bapa ulitaka ardhi bapa, na Vudee hakuna ardhi bapa isipokuwa sakafu ya kanisa. Alianguka mara nne. Mara ya mwisho alianguka kifudifudi kwenye mfereji wa maji ya shamba, na wanawake waliokuwa wakipalilia maharage wakamwinua bila kusema neno. Kule kunyamaza kwao kulimuuma kuliko goti.

Mkewe, Yudith, alimpokea kwa machozi ya furaha. Binti yao Susana, aliyekuwa na miaka mitano, alimkumbatia baba yake upande wa kushoto tu. Alipoulizwa kwa nini, aliunyooshea kidole mguu ule.

"Huo ni wa mzungu," alisema.

Eliezeri aliukalisha mapajani jioni ile akautazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyotazama kitu cha dukani. Aliona kwamba aliyeutengeneza alikuwa na mtu fulani kichwani, mtu wa rangi ile, mwenye soksi na suruali ndefu, anayetembea barabara ya lami. Yeye, Eliezeri mwana wa Vudee, mkulima wa kahawa na migomba, hakuwamo kabisa katika mawazo ya fundi yule. Alikasirika. Wiki iliyofuata alishuka tena Same, akikaa kitako kila njia ilipokuwa kali, akajitambulisha kwa seremala mmoja aliyeitwa Iddi.

Iddi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyewahi kutengeneza viti vya mabehewa ya reli kabla ya kufungua karakana yake karibu na stesheni.

"Shikamoo, fundi," alisema Eliezeri. "Nataka unitengenezee mguu."

"Marahaba. Mimi natengeneza vitanda, milango na majeneza. Mguu siujui." Iddi aliuchukua ule mguu wa serikali, akaugeuza, akaugonga kwa kucha. "Waliochonga huu wana mkono mzuri. Ila hawakujui. Wewe ndiye unayejua panapokuuma. Kaa hapa ujifunze, ujitengenezee mwenyewe."

"Sijawahi kushika randa."

"Na bunduki ulizaliwa nayo?"

Basi akakaa. Mchana alipiga randa mbao za Iddi kulipia mafunzo, na usiku alilala chumba cha nyuma. Siku za gulio Yudith alishuka na ndizi na makande, akauza ndizi na kumwachia makande.

Somo la kwanza halikuwa la kuchonga. Iddi aliweka viti viwili mbele yake, vya mti mmoja na urefu mmoja, akamuuliza kipi kizito.

"Hiki cha kushoto."

"Vibebe."

Eliezeri alivibeba. Vilikuwa sawasawa. Iddi akamwambia akae navyo mpaka aseme kwa nini jicho lake lilimdanganya. Alikaa siku mbili. Alivizunguka, akavipapasa amefumba macho, akavipindua miguu juu. Siku ya pili alasiri, jua lilipoingia kwa ubavu, aliona kwamba miguu ya kiti cha kulia ilikonda kidogo kuelekea chini, na ukingo wa kikalio chake ulikuwa umelazwa kwa ndani, hivyo kivuli kiliulamba na unene wake haukuonekana.

"Ndiyo," alisema Iddi. "Watu wataupima mguu wako kwa macho kabla hujapiga hatua. Wakiuona ni mzito, watakuonea huruma. Unataka huruma?"

"Hapana."

"Basi jifunze kuchora."

Alichora kwa makaa juu ya ubao. Mstari mmoja tu, kutoka gotini hadi chini, mamia ya mara, akiufuta kwa kitambaa cha maji na kuuanza tena. Iddi akipita aliutazama na kusema, "Hapa umeogopa," au "Hapa umekimbia," kisha akaenda zake. Mwanzoni Eliezeri aliona ni upuuzi. Baada ya mwezi alianza kuziona zile sehemu za woga mwenyewe.

Alipokuwa tayari alichagua mringaringa, mti wa kwao milimani, ambao wazee huchongea mizinga ya nyuki kwa sababu ni mwepesi na haupasuki ovyo. Kwa mguu wa kwanza aliazima kioo, akajitazama mguu wake mzima, akauiga. Msuli wa nyuma, mfupa wa mbele, vidole vitano, hata kucha. Aliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Alijivunia mno, akaufunika kwa gunia kumsubiri Yudith.

Yudith alipofunuliwa mguu ule alirudi nyuma hatua moja, kisha akavua kanga yake ya mabegani akaufunika.

"Baba Susana," alisema kwa sauti ya chini, "umeuleta mguu wa nani?"

"Wangu! Tazama, hata kidole hiki kilichopinda ni changu."

"Ni wa maiti. Umefanana sana na ulio hai, ndiyo maana unatisha. Usiulete nyumbani."

Alimkasirikia siku nzima. Baadaye, peke yake karakanani, aliinua ile kanga polepole, kama mtu anayekuta kitu njiani, na mwili ukamsisimka. Yudith alisema kweli. Aliupasua kwa shoka mbele ya Iddi, na Iddi hakumzuia.

Wa pili aliufanya kwa hasira, gogo lililonyooka lenye kitako cha duara. Ulikuwa imara. Alitembea nao kutoka stesheni mpaka sokoni, na huko akakiona kivuli chake mwenyewe ukutani. Alikuwa mtu mwenye mchi. Na ulikuwa mzito; ilipofika jioni kigutu chake kilikuwa kimevimba na kuchubuka.

"Nifanyeje?" alimuuliza Iddi. "Nikiuiga mguu, unatisha. Nikiacha kuuiga, nimekuwa mchi."

Iddi alichukua chaki. "Simama. Uzito wako unapitia wapi?"

Eliezeri alisimama, akaegemea, akapanda na kushuka ngazi ya mlango, akisikiliza mwili wake. Uzito ulishuka kwa mbele, kwenye mstari wa mfupa. Nyuma hapakupita kitu. Iddi akauchora mstari ule kwa chaki juu ya gogo.

"Hapo acha mti. Kwingine kote unabeba bure."

Alifanya kazi kwa wiki sita. Alianza na kikombe cha kuingizia kigutu, akakichimba kidogo kidogo na kukitandika ngozi ya mbuzi iliyojazwa sufi. Chini ya kikombe aliacha ukingo mmoja wa mti kwa mbele, mnene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima, na nyuma akatoa mti mpaka pakabaki bonde refu lililoingia ndani na kutoka tena karibu na chini. Unyayo aliufanya mfupi, umeviringika kutoka kisigino hadi mbele, akaupigilia raba ya tairi kuukuu yenye meno. Hakuweka vidole. Mwisho aliupaka nta ya nyuki, na mishipa ya mti, ile ya kahawia na ya dhahabu, ikajitokeza ikifuata mstari aliouchora mamia ya mara.

Iddi aliushika muda mrefu. Alipitisha dole gumba kwenye lile bonde la nyuma, juu hadi chini.

"Hujaogopa popote," alisema. Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa busara ya biashara, "Suruali ndefu itaufunika, lakini haidhuru."

"Sitaufunika. Nitavaa kaptula."

"Watu watautazama."

"Watautazama. Nimewaandalia kitu cha kutazama."

Na waliutazama. Siku ya gulio bibi mmoja muuza tumbaku aliinama akaupapasa bila kuomba ruhusa, akauliza kama anaweza kutengenezewa mpini wa jembe wa namna hiyo. Eliezeri alipanda mpaka Vudee akitumia fimbo moja, na njiani hakukaa chini. Susana aliushika siku hiyo hiyo, akauliza kama unauma.

Miezi mitatu baadaye askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliojeruhiwa waliitwa bomani Same kukaguliwa. Walikuja kumi na mmoja, wakapanga foleni barazani. Mkaguzi alikuwa mzungu kijana aliyetoka makao makuu, mwenye orodha ndefu, na karani wake Hezroni, Mpare wa Mbaga, alitafsiri. Jina la Eliezeri lilipoitwa, aliingia kwa kaptula yake, ameubeba mguu wa serikali kwapani.

Mkaguzi alitazama mguu wa mringaringa, akatazama orodha, akasema maneno mengi.

"Bwana anasema hicho ulichovaa si mguu," alitafsiri Hezroni.

"Mwambie ni kweli. Mguu wangu ulibaki Burma."

"Anasema mguu wa serikali umepitishwa na madaktari wakubwa, umbo lake limechunguzwa na wataalamu, na mwenyeji hana haki ya kujichongea kigongo. Uuvae huo sasa hivi."

Eliezeri aliuweka mguu wa serikali juu ya meza, juu ya karatasi.

"Mwambie akunje mkono wa shati lake."

Hezroni alimgeukia. "Eliezeri, ndugu yangu…"

"Tafsiri. Ndiyo kazi yako."

Hezroni alitafsiri, macho yake yakiwa sakafuni. Mkaguzi, kwa kutoelewa, alikunja shati hadi kwenye kiwiko. Eliezeri aliusogeza ule mguu taratibu mpaka ukalala sambamba na mkono wake. Rangi ilikuwa moja. Ungedhani mti mmoja umepasuliwa vipande viwili.

"Huu uliundwa kwa ajili yake," alisema Eliezeri. "Mwambie nimeutunza vizuri, sasa namrudishia."

Barazani mtu mmoja alicheka, kisha watatu, kisha wote. Mkaguzi aliuvuta mkono wake kana kwamba ameungua. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema kile kigongo kitachukuliwa kama ushahidi na kupelekwa Dar es Salaam.

"Na mimi nitaondokaje?" aliuliza Eliezeri.

"Kwa mguu wa serikali," alitafsiri Hezroni.

Eliezeri alikaa chini sakafuni, katikati ya mlango, akaunyoosha mguu wake wa mringaringa mbele, mikanda yote ikiwa imefungwa. "Basi aje aufungue yeye mwenyewe, kwa mikono yake."

Hakuna aliyemsogelea. Wale kumi waliobaki waliingia mmoja mmoja na kusimama nyuma yake, wengine kwa magongo. Askari wa zamu alitazama nje ya dirisha kama mtu aliyeona mvua inakuja. Mwishowe mkaguzi alichukua kalamu.

"Anaandika kwamba umekataa msaada," alisema Hezroni. "Jina lako litafutwa. Hutapewa mguu mwingine tena, wala matibabu ya hicho kigutu."

"Aandike vizuri. Jina langu lina herufi nane, asiache hata moja."

Jina lilifutwa kweli. Mwaka uliofuata kigutu kilipopata jipu, alifukuzwa zahanati ya serikali, na Yudith alimkanda kwa maji ya chumvi wiki tatu usiku na mchana. Katika wiki hizo alilala akiutazama mguu wake uliotundikwa ukutani, na kuna asubuhi alijiuliza kama ulimi wake haukumponza. Lakini hakutamani kuurudia ule mwingine.

Alipopona alirudi karakanani kwa Iddi, alikokuwa akiendelea kufanya kazi, na huko akamkuta mtu akimsubiri. Aliitwa Chande, mkulima wa mpunga kutoka Ndungu, mmoja wa wale kumi wa barazani. Alikuwa amekuja na baiskeli, akiendesha kwa mguu mmoja.

"Nichongee kama wako," alisema Chande. "Hivyo hivyo, usibadilishe kitu."

Eliezeri alifurahi. Alimketisha, akampima kwa futi, akaanza kuchora ule mstari wake ubaoni, mkono ukienda wenyewe. Alipofika chini akasita.

"Shambani kwako maji yanafika wapi?"

"Wakati wa kupandikiza? Hapa." Chande alionyesha katikati ya muundi. "Na chini ni tope. Linavuta."

Eliezeri aliutazama mchoro. Unyayo ule mfupi wa duara ungezama kama kigingi. Lile bonde la nyuma, ambalo Iddi alilipitishia dole gumba, lingejaa tope na kuzidisha uzito mara mbili. Umbo zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza halikumfaa mtu huyu hata kidogo.

"Huu siwezi kukupa," alisema.

Chande alikunja uso. "Kwa nini? Kwa kuwa mimi ni mtu wa tambarare?"

"Ndiyo. Kwa sababu hiyo hasa. Wewe ulikuwepo siku ile bomani. Unataka na mimi nikupe mguu wa mtu mwingine?"

Chande akaanza kucheka. Eliezeri aliloweka kitambaa, akaufuta mstari wote kutoka juu hadi chini, akachukua kofia yake.

"Baiskeli yako inabeba watu wawili?"

"Miguu iko miwili tu kati yetu," alisema Chande. "Tutajaribu."

Wakatoka kuelekea Ndungu, Chande akishika usukani na Eliezeri akiwa nyuma na ubao mapajani, aende akatazame jinsi watu wanavyotembea kwenye tope.