Mitchelle Yuko Kwenye Mengineyo

Wanaume wa chama chetu cha Wakenya hapa Saudia wanapenda salamu, jameni. Mtu akipewa kipaza sauti "asalimie watu kidogo tu," jua umekwisha. Atasalimia wa mbele, atasalimia wa nyuma, atauliza kama Wakisii wako, kama Wakamba wako, halafu atuambie ametoka mbali.

Ijumaa hiyo nilikuwa na sababu ya kuchukia salamu. Mitchelle alikuwa amekaa kando yangu kwenye ukumbi tunaokodi mtaa wa Sharafiya, Jeddah, juu ya mkahawa, ameshika kipochi chake kwa mikono miwili. Mkataba wake wa kazi za ndani uliisha zamani, lakini madam amefungia pasipoti na hataki aende nyumbani. Na jioni hiyo familia ilikuwa inahama mtaa wa Aziziya kwenda Riyadh kwa dada yake madam, nyumba ambamo msichana wa kazi haruhusiwi simu. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuja kutuma pesa tu. Dereva angemchukua saa ya swala ya Magharibi.

Kuna nyumba ya hifadhi hapa Jeddah. Lakini msichana akienda huko peke yake, kafili aliyemwajiri anamwandikia huruub, yaani mtoro, na mtoro anafungwa. Akipelekwa na chama, mambo ni mengine. Na anayesema kwa niaba ya chama ni mmoja tu, Protus, mwenyekiti wetu mkuu, ambaye siku hiyo alikuwa ametoka Riyadh kututembelea. Angepiga simu moja tu kwa hiyo hifadhi, basi.

Nilimkamata mlangoni. "Bwana mwenyekiti, nina msichana hapa, hana muda."

"Mama Roseline," akanipigapiga bega, "yalete kikaoni. Tufuate utaratibu."

Utaratibu! Julius, mwenyekiti wa tawi letu, akaniweka kwenye "mengineyo", chini kabisa ya ajenda, baada ya jezi za timu ya mpira.

Mimi ni Msengwer wa msitu wa Embobut. Tulipofukuzwa msituni niliongoza baraza la kina mama chini ya turubai, na sheria yetu ilikuwa moja: mwenye shida anaongea kwanza. Salamu zitakuja akishasaidiwa. Nimesimama mbele ya machifu, nimesimama mbele ya mawakili Nairobi, na nikasikizwa. Kisha karo ya watoto ikanileta mtaa wa Al-Hamra kupiga deki nyumba za watu, na hapa kwa Wakenya wenzangu mimi ni kiongozi wa kina mama, maana yake naombea chakula. Inaniuma, sitadanganya.

Basi wakasalimia. Julius akasalimia, mweka hazina akasalimia, Protus akatueleza foleni ya magari ya Riyadh ilivyo. Adhana ya Alasiri ikapita. Tukala pilau. Tukafika kwa jezi, na jezi zikazua vita, eti kijani au nyekundu. Mitchelle alikuwa ameanza kuangalia mlango.

Nikasimama. "Halas, imetosha! Huyu msichana anahamishwa leo, nyinyi mnapigania jezi? Mitchelle, ongea."

"Mama, wewe uko mwisho," Julius akasema.

"Mwisho wako wewe! Mitchelle, ongea!"

Akaongea. "Mimi sitaki kwenda Riyadh. Nataka kwenda kwetu. Mtoto wangu siku hizi anamwita shangazi yake mama."

Protus akavua miwani, akapangusa macho. Nikasema moyoni, leo tumeweza.

"Jambo hili ni zito," akasema. "Haliwezi kuachwa hivi hivi."

"Basi piga simu. Piga sasa hivi."

"Ndiyo maana napendekeza tuunde kamati. Kamati kamili ya maslahi ya kina mama, na Mama Roseline awe mwenyekiti wake. Atakuwa anaketi na sisi meza kuu, Riyadh."

Aki ya Mungu, watu walipiga makofi! Wanawake wakapiga vigelegele. Julius mwenyewe akaja kunipa mkono. "Hongera, Mama. Sasa una cheo."

Wakanizunguka. Mimi napiga kelele, "Protus, simu! Piga simu!" na hakuna anayesikia, kila mtu anataka picha na mimi. Nilipopata mwanya, kiti cha Mitchelle kilikuwa kitupu. Velma, aliyekuwa akikusanya sahani, akaniambia dereva alipanda hadi mlangoni, akamwita kwa kidole, naye akainuka akaenda.

Niliteremka ngazi mbio, viatu mkononi. Barabarani palikuwa na teksi na watu wanaoelekea msikitini. Gari lao halikuwepo. Simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti, na nyuma yake dereva anasikika, "Yalla, yalla, leta simu."

"Mama, hongera. Nimefurahi sana wamekuchagua. Nikifika huko nitakuwa nangojea kamati."

Nikampigia. Nikampigia tena. Simu yake ilikuwa imeshazimwa.